Nilifuata taarab Unguja peke yangu, simu 11 zikanifuata

Saa tano na dakika ishirini usiku nilitoa simu mkobani nipige picha ya jukwaa. Simu 11 zilikuwa zimenipita, zote za mume wangu, na chini yake ujumbe mmoja wa sauti kutoka kwa binti yangu. Mbele yangu, hatua kama 30 hivi, wapiga fidla walikuwa wakikaza nyuzi, na mzee mmoja akiiweka kanuni yake sawasawa. Hilo ndilo kundi nililolifuata kutoka Mombasa. Walikuwa hawajapiga hata wimbo mmoja.

Nilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Unguja, usiku wa pili wa tamasha la Sauti za Busara. Peke yangu. Mume wangu na watoto wetu watatu walikuwa nyumbani Changamwe, na baina yetu palikuwa na bahari, mpaka wa nchi mbili na safari ya basi ya kutwa nzima. Mzazi yeyote anajua maana ya simu 11 za usiku. Hakuna anayepiga mara 11 kuuliza chumvi iko wapi.

Nitazirudia simu hizo. Kwanza nieleze nilifikaje pale, maana wengi wameniuliza, na baadhi yao hawakuuliza kwa wema.

Ahadi ya kiti cha mbele

Marehemu mama yangu alikuwa mpishi wa harusi. Kwa miaka zaidi ya 30 alipika pilau na biriani katika nyumba za watu, na kazi yake ilikuwa uani, nyuma, moshi machoni. Taarab ilipigwa mbele. Nyimbo alizijua zote, nyingine hadi pale mpiga fidla anapovuta pumzi, lakini waimbaji wenyewe hakuwajua kwa sura. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda naye kuchagua mchele, na mara kwa mara nilimwona ameushika mwiko hewani, hakorogi, anasubiri kibwagizo kiishe. Mwenye harusi akitokea, mwiko unarudi sufuriani.

Aliyempenda kuliko wote ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Nilipoanza kazi ya cherehani na kushika pesa zangu, nilimwahidi mama kwamba nitampeleka Unguja wakati wa tamasha, aketi kiti cha mbele, amwone Bi Kidude akiimba na sigara yake mkononi. Mwaka huo nikawa mjamzito. Mwaka uliofuata karo. Mwaka mwingine mashine iliharibika. Kila mara tulisema mwakani, na mama hakuwahi kulalamika.

Tarehe 17 Aprili 2013 Bi Kidude alifariki. Tulisikia kwenye redio tukiwa jikoni. Mama alisema neno moja tu, "Basi," akaendelea kukuna nazi. Miaka miwili baadaye naye akatutoka.

Sikuwa na nia ya kwenda tena. Lakini juzi juzi kifungua mimba wangu, binti wa miaka 16, alikuwa akisoma habari za Siti binti Saad kwa ajili ya kazi ya shule, akanisomea kwa sauti nikiwa kwenye mashine. Siti alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akauza vyungu na mamake, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, mwanamke wa Kiswahili akiimba Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. "Mama," binti akaniuliza, "Bombay alikwenda kwa jahazi ama kwa meli?" Sikumjibu. Nilikuwa nafikiria kwamba mimi hata Unguja sijafika.

Nikaanza kuweka shilingi 500 kila wiki katika kibubu. Ilinichukua miaka miwili.

Swali la mume wangu

Mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini. Si mtu wa makelele. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini peke yako?"

Nilikuwa na majibu mawili tayari. La kwanza, nauli ya wawili hatuna. La pili, tukiondoka sote watoto wanabaki na nani? Jibu la tatu lilinitoka bila kulipanga. Nilimwambia nataka kusikiliza muziki usiku mmoja bila kugeuka kutazama nani ana njaa. Mara moja tu. Alicheka, kisha akaona sicheki.

Mama mkwe alikuwa na lake. "Mwanamke mwenye nyumba yake anafuata ngoma ng'ambo?" Alilisema mezani, mbele ya watoto, na wifi yangu akaongeza kwamba hata wao wangependa kutembea ila wana majukumu. Niliumia, sitaficha. Mume wangu akasema, "Mama, atakuwa siku saba. Mimi nimekwenda Mombasa hadi Malaba kikazi mara ngapi, nani aliuliza?" Mazungumzo yakaishia hapo, lakini mama mkwe hakunisemesha hadi siku ya safari.

Kwa anayetaka kujua mambo ya karatasi: Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini beba pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni, kwa hivyo ulizia mapema kiwango kinachokuhusu. Na usidhani kwamba kwa kuwa umeshagongewa muhuri Horohoro mambo yamekwisha. Ukishuka botini Unguja, unaonyesha pasipoti tena. Laini ya simu ya Tanzania mgeni anasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, si jambo la kununua kibandani na kuondoka.

Nililipa chumba katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na mama wa makamo, mwendo wa dakika sita kutoka Ngome. Nilichagua hiyo kwa sababu ya dakika hizo sita. Maonyesho huisha usiku wa manane, na vichochoro vya Mji Mkongwe hata mchana vinapoteza watu.

Kisha nikaandika orodha. Ilikuwa na mistari 31, nikaibandika kwenye mlango wa friji: siku ya kununua gesi, namba ya mwalimu wa darasa, nani hali maharagwe, sare ya michezo ni Jumatano, kitinda mimba asilale na dirisha wazi kwa sababu ya pumu. Nilijivunia orodha ile. Nilihisi nimeiacha nyumba mikononi salama.

Mkono usio na kazi

Basi lilitoka alfajiri. Ukifika Likoni abiria mnashuka, mnavuka kwa miguu, basi linapanda feri, kisha mnaingia tena. Nilivuka nikiwa na begi moja. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nizae kuvuka Likoni bila kumshika mtu mkono, na mkono wangu wa kushoto haukujua ukae wapi. Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Segera, Chalinze. Usiku nililala kwa jamaa zetu Ilala, Dar es Salaam, asubuhi nikapanda boti. Safari ya boti ni kama saa mbili. Wahudumu hupita na mifuko ya kutapikia, na kuna mahali katikati ya mkondo ambapo utaelewa kwa nini.

Ijumaa alasiri gwaride la ufunguzi lilipita mtaani na beni likipuliza tarumbeta, watoto wakikimbia pembeni, akina mama barazani wakipiga vigelegele. Tamasha hili lilianza mwaka 2004 na kwa kawaida hufanyika Februari. Sharti lake moja kubwa ni kwamba wasanii wanapiga na kuimba papo hapo. Hakuna kufungua mdomo juu ya kanda. Ndiyo maana anayelijua hafuati majina makubwa tu, na usiku ule wa kwanza nilisikiliza watu ambao sikuwa nimewahi kuwasikia, wengine wakiimba kwa lugha nisizozijua, na sikujuta.

Lakini nitasema kweli, saa za mwanzo sikuzifurahia. Nilikwenda Forodhani kula, nikanunua urojo, na kabla ya kuonja nikaupuliza upoe. Nilikuwa nampulizia nani? Nikaketi ukingoni mwa bahari na bakuli langu nikijihisi mtu aliyesahau kitu garini. Kila mtoto akiita "mama" shingo yangu inageuka. Papasi walinifuata mara mbili tatu kutaka kunitembeza, nikawajibu kwa Kiswahili cha Mombasa, wakacheka, wakaniambia, "Kumbe wewe wa hapahapa." Muuza juisi ya miwa akaniuliza, "Bi mkubwa, umekuja na nani?" Nikamwambia na nafsi yangu. Akanikamulia ndimu ya ziada.

Jumamosi asubuhi nilizunguka. Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo mama alikuwa akilisikia kwenye nyimbo na hadithi, liliporomoka sehemu mwezi wa Desemba 2020, na nililiona tu kwa nje. Barghash huyohuyo ndiye anayetajwa kila taarab inapoelezwa, kwa kuwa inasemwa alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Kutoka hapo nikaenda Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa kuna shimo na ndani yake sanamu za watu watano, shingo zao zimefungwa minyororo. Sikukaa sana. Kulikuwa na baba mmoja na kijana wake wa miaka kama kumi. Kijana aliuliza kama mmoja wa wale ni mama yao wengine, na baba hakuwa na jibu.

Mchana nilipiga simu nyumbani. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka tisa, alikuwa na kikohozi kidogo. Mume wangu alisema ni vumbi, amevuta inhela, yuko sawa. Nikamwuliza mara mbili. Akanikumbusha orodha iko mlangoni.

Kopo lililotoa hewa

Sasa zile simu 11. Ujumbe wa binti ulikuwa wa sekunde tisa: "Mama, tunaenda hospitali, hapumui vizuri, anavuta lakini haisaidii."

Nilisimama. Watu nyuma yangu wakaniomba niketi, kwa sababu kanuni ilikuwa imeanza. Nilipita katikati ya viti nikitoka, na huo ndio wimbo pekee niliousikia kwa kundi lile jukwaani, nikiwa nimeupa mgongo, sikio moja nimeliziba kwa kidole.

Nje ya lango nilipiga mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne mume wangu akapokea. Nilisikia mlio wa mashine nyuma yake. Mtoto alikuwa amewekwa barakoa ya dawa ya mvuke, rangi imemrudia, amesinzia. Walifika hospitalini saa nne na nusu. Daktari amesema walale hapo hadi asubuhi.

"Alivuta inhela," akaniambia, sauti yake si ile niliyoizoea. "Mimi mwenyewe nilimshikia. Ilikuwa inatoa. Nimeona kwa macho yangu inatoa."

Hapo nikajua kilichotokea, nikaketi chini kwenye jiwe.

Wazazi wenye watoto wa pumu watanielewa, na ambao hawajui wajue leo. Kopo la kawaida la bluu huwa na vipulizo 200. Dawa ikiisha, kopo haliishi pamoja nayo. Linaendelea kutoa ile hewa ya kusukuma, na ukibonyeza linafanya "fsss" vilevile. Ukilitikisa utasikia kitu kinacheza ndani. Wengine hulitumbukiza majini kuona kama litaelea, nayo si njia ya kuaminika. Makopo mengine yana kihesabio nyuma, mengine hayana. Letu halikuwa nacho. Njia pekee ni kuhesabu.

Na mimi huhesabu. Siandiki popote, nahesabu kichwani, kama ninavyojua unga umebaki vikombe vingapi bila kufungua mtungi. Nilijua kopo lile linakaribia kwisha. Nilipanga kununua jingine kabla ya kuondoka, siku hiyo mteja akaleta madera manne ya harusi, nikasahau. Katika mistari 31 niliandika mpaka siku ya kumpa paka chakula cha mifupa. Kopo sikuliandika, kwa sababu halikuwa jambo la kufanya. Lilikuwa jambo ninalolijua tu.

"Narudi," nikamwambia.

"Na nini?" akaniuliza. "Saa hizi boti hakuna. Ukitoka kesho, utafika hapa usiku wa kesho kutwa, naye kesho mchana atakuwa nyumbani anacheza." Akanyamaza. "Mimi ni babake. Niko hapa nimemshika mguu."

Sikuwa na la kumjibu. Tulibaki kwenye simu bila kuongea, nikisikia ile mashine, mpaka salio likakatika. Niliporudi ndani jukwaani palikuwa na kundi jingine, na ngoma zao nzuri zilinikera. Nikaondoka. Zile dakika sita nilizozilipia nilizitembea nikilia.

Ninaweza kuwaambia kwamba nilikubali na kutulia. Sikukubali. Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa bandarini Malindi, begi mkononi, kwenye foleni ya tiketi. Mbele yangu walibaki watu wawili simu ilipolia. Alikuwa mtoto mwenyewe, yuko kitandani hospitalini, sauti imekauka lakini imejaa uchangamfu.

"Mama, umeshawaona kobe?"

Nilikuwa nimemwahidi picha ya kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Nikamwambia bado. Akaniuliza, kwa ukali kidogo, "Sasa unangoja nini?" Nyuma nikamsikia babake akicheka, na kicheko kile ndicho kilichonitoa kwenye foleni. Mtu hacheki hivyo mgonjwa akiwa mahututi. Nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Changuu ni kama nusu saa kwa mashua. Jela ilijengwa huko mwaka 1893 lakini haikufunga wafungwa. Kisiwa kikageuzwa karantini ya homa ya manjano. (Nilipolisikia hilo niliishika kadi yangu ya chanjo mkobani kwa heshima mpya.) Kobe wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Umri wao umeandikwa kwa rangi ya bluu mgongoni, na wapo waliopita miaka mia. Nilipiga picha 40. Mmoja nilimpiga akitafuna jani la mchicha, uso umekunjamana, nikaituma, na jibu likarudi mara moja: "Anafanana na bibi." Nikamwonya asimwonyeshe bibi.

Siku hiyo nilipiga simu nyumbani mara saba. Saa tisa alasiri waliruhusiwa. Usiku wa mwisho wa tamasha nilihudhuria, simu imo mkononi si mkobani, nimeketi kiti cha pembeni karibu na lango. Sikumbuki sana nani alipiga.

Mazoezi

Mama mwenye nyumba ya wageni alinikuta Jumatatu asubuhi nikinywa chai bila hamu. Nikamweleza yote. Hakunipa pole nyingi. Aliniuliza kundi lilikuwa lipi, nikamtajia, akasema, "Hao si wa jukwaani tu, mwanangu. Hawa ni majirani. Taarab Unguja ina nyumba zake."

Ni kweli, nami nilipaswa kulijua hilo. Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905. Culture Musical Club ilianza 1958. Ni vyama vyenye wanachama wake na madaftari yake, na mazoezi yao hufanyika jioni za kawaida, wanachama wakitoka makazini. Jioni hiyo mama yule alinipeleka yeye mwenyewe kwenye nyumba ya klabu moja, ghorofani. Mlangoni akasema, "Huyu mgeni wangu, ametoka Mombasa, amekosa Jumamosi kwa sababu ya mtoto." Mzee aliyekuwa akifuta udi akanisogezea kiti cha plastiki. "Karibu. Keti hapo usikie."

Kiti kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kanuni.

Sijawahi kuwa karibu hivyo na muziki. Kanuni, kwa asiyeijua, ni kama sanduku bapa lenye nyuzi nyingi, na mpigaji ana kucha za kupigia vidoleni. Ukiwa mbali unasikia mlio mmoja kama maji. Ukiwa hatua mbili unasikia kila ukucha, na unamsikia mpigaji akipumua. Palikuwa na fidla tatu, akodiani, udi, dumbaki, na kijana wa besi aliyekuja na shati la kazi. Walianza wimbo, wakakosea, wakacheka, wakaanza tena. Mwimbaji mwanamke alikuwa na bahasha ya dawa za mtu mapajani. Nadhani alitoka hospitali au anakwenda. Aliimba hivyo hivyo, akitazama saa mara moja moja.

Wimbo wa tatu nilikuwa nikiujua. Ulikuwa mmoja wa zile za uani. Walipofika kibwagizo nilijikuta nimeinua mkono wa kulia hewani na kuushikilia hapo, kama mtu mwenye mwiko. Mzee wa udi aliona. Hakuuliza.

Nilimwomba ruhusa nirekodi, akakubali. Nina dakika 14 kwenye simu, na katikati yake kuna mtu anakohoa na pikipiki inapita chini.

Kurudi

Safari yote ilinigharimu karibu shilingi 55,000 za Kenya, nauli, chumba, tiketi za siku tatu na chakula. Kibubu kilikuwa na 52,000, zilizobaki nilikopa kwenye chama na nimeshalipa. Sikununua vitu ila karafuu, kashata na fulana yenye kobe.

Nilifika Changamwe Jumatano usiku. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, dirisha limefungwa. Nilimsikiliza akipumua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jikoni orodha yangu ilikuwa bado mlangoni, na chini yake mume wangu alikuwa amebandika karatasi yake, mstatili uliopigwa mistari, visanduku 200, vinne vya kwanza vimetiwa alama ya kalamu. Kopo jipya lilikuwa juu ya friji, tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu.

"Orodha yako ilikuwa ya mambo ya kufanya," akaniambia. "Haikuwa na mambo unayoyajua." Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na hoja, tena nzuri: miaka tisa sasa, kwa nini yeye hakuhesabu? Nikaona amekonda kwa siku nne, nikaiacha hoja hiyo hadi kesho yake. Kesho yake niliitoa, tukazozana hadi saa sita ya usiku, na ninaona afadhali tulizozana. Siku hizi visanduku anavitia alama yeye.

Mama mkwe alikuja Jumapili. Alisalimia watoto, akamkagua kitinda mimba kifua, akakaa. Nikamtengea chai na kashata. Hakuuliza lolote kuhusu safari. Binti yangu ndiye aliyeiweka simu mezani na kuyafungulia yale mazoezi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Bibi alisikiliza akitazama ukutani. Pikipiki ilipopita akakunja uso. Kibwagizo kilipofika, midomo yake ilikuwa ikienda. Wimbo ulipokwisha akasema rudisha, ukarudishwa.

"Kanuni hiyo anapiga nani?" akauliza.

Nikamwambia ni mzee mmoja wa huko, mtaratibu, jina sikulishika vizuri.

Akamalizia chai, akafunga leso yake, akaniuliza basi la Dar linatoka saa ngapi.